Vumbi la Kagera kwenye kifaru cha plastiki

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Soweto, Moshi. Kaka yangu aliniletea kutoka China boksi la kifaru Type 59 cha kuunganisha, kipimo cha 1/35, la kampuni ya Trumpeter. Nataka kiwe kama vile vya jeshi letu vilivyoingia Uganda mwaka 1979, maana babu yangu alikuwa huko. Nimekipaka kijani cha kopo la kupuliza nililonunua duka la vipuri vya magari. Kisha nikachanganya rangi nyeusi ya mafuta na thina, nikakipaka chote ili kionekane kimechoka. Ubavu mmoja rangi imekunjamana, na kwingine kote kimekuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Vumbi nilichota nje ya nyumba nikalichanganya na gundi nyeupe ya mbao, limekuwa mabonge yanayong'aa. Kwenye video naona watu wanapaka rangi ya fedha kila kona, na kutu. Nami nifanye hivyo? Vifaa vya Ulaya sina, na sitaki kuanza upya.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Na babu mfikishie shikamoo yangu.

Umeuliza habari za thina, vumbi, fedha na kutu, na zote nitazifikia. Ila kuna swali lililopaswa kutangulia kabla hujafungua kopo: hicho kifaru chako kiko wapi, na ni mwezi gani?

Usicheke. Vita vile havikupiganwa mahali pamoja wala katika hali ya hewa moja. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Novemba yakarudishwa nyuma, na mwaka uliofuata wanajeshi wetu wakavuka mpaka. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari 24, Lukaya wakapigana Machi 10 na 11, Kampala ikaanguka Aprili 11. Sasa zitazame tarehe hizo kwa jicho la mpaka rangi. Januari na Februari mvua za ukanda ule hupungua, kwa hiyo kifaru cha njia ya Masaka kimejaa vumbi. Lukaya iko kando ya kinamasi na Machi masika yanaingia, kwa hiyo chini kuna tope bichi, juu yake kuna tope lililokwisha kukauka, na vumbi la mwezi uliopita limeoshwa na mvua likabaki kwenye pembe tu. Kifaru kinachoingia Kampala kimeshatembea lami, kwa hiyo minyororo imejisugua ikaanza kung'aa upande unaokanyaga. Kijani ni kilekile, uchafu ni wa aina tatu. Wewe umeweka masizi, na masizi hayana mwezi wala barabara.

Babu yupo, basi muulize. Usimuulize kifaru kilikuwa na rangi gani, hilo kila mtu atakujibu kijani. Muulize siku hiyo walikanyaga nini, walikalia wapi, walifunga nini juu ya kifaru, mvua ilinyesha au la. Mzee aliyekuwepo atakumbuka tope mapema kuliko nambari za ubavuni. Na hizo nambari, kama huna picha inayozionesha, ziache. Ubavu mtupu haudanganyi mtu.

Ukinisikiliza mimi, chagua Februari. Vumbi linamsamehe anayejifunza. Tope halisamehi.

Sasa udongo. Vumbi ulilochota Soweto ni la Moshi, na tatizo lake halianzii kwenye gundi. Vumbi la tambarare zetu hizi, kuanzia barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC hadi huku kwetu Arusha njia ya Monduli, ni la kijivu lenye ukahawia, limetoka kwenye majivu na mawe ya volkano. Mtu aliyefika Kagera akiona kifaru chako kimevaa vumbi hilo atasema kimetoka mnadani Longido. Udongo wa Kagera na wa kusini mwa Uganda ni mwekundu, na wekundu huo ni oksaidi ya chuma. Kama unataka udongo wa kuokota, panda Kibosho ukachote kwenye ukingo wa barabara palipochimbwa, kule ni mwekundu zaidi kuliko mjini. Lakini huna haja ya kupanda daladala. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe rangi ya unga ya sakafu, ile wanayochanganya na saruji kupata sakafu nyekundu. Ile ni oksaidi ya chuma. Ipo nyekundu, ya njano, nyeusi, na maduka mengine yana kahawia. Vichupa vidogo vya unga wa kuchakaza modeli vinavyouzwa Ulaya kwa bei ya kutisha vina kitu hichohicho ndani. Wewe utapata ya kutosha vifaru vya maisha yako yote, na nyingine utamalizia sakafu ya mama.

Nyekundu peke yake ni kali mno. Changanya nyekundu kidogo, njano mara mbili yake, jipsamu nyeupe mara tatu au nne, na chembe ya nyeusi. Endelea kuongeza jipsamu mpaka rangi ionekane imepauka kuliko unavyotaka. Vumbi kavu siku zote ni jeupe kuliko udongo lilikotoka, na watu wengi hukosea hapo. Weka mchanganyiko kwenye karatasi kando ya kijani chako. Kama macho yanakimbilia kwenye vumbi kabla ya kifaru, bado ni kali.

Kabla hatujafika kwenye rangi, chukua kalamu tupige hesabu moja, maana hesabu hii ndiyo itakayokuzuia kufanya unachokiona kwenye video. Kipimo cha 1/35 maana yake milimita 1 ya kwako ni milimita 35 za kweli. Type 59 halisi ina upana wa mita 3.27, kwa hiyo chako kina sentimita 9 na kidogo. Ukiweka doa la rangi iliyobanduka lenye milimita 3, umebandua eneo la zaidi ya sentimita 10 kwenye chuma cha kweli. Tope la unene wa milimita 2 ni tope la sentimita 7. Na chembe ya mchanga ya nusu milimita, ambayo kwenye kidole huijali, kwa kifaru chako ni kokoto ya karibu sentimita 2. Mabonge yako yale yamekuwa mawe ya ukubwa wa maembe. Kwa hiyo udongo wowote wa kuokota unakaushwa kwanza kwenye kikaango kikavu, unasagwa, kisha unachekechwa kwa soksi ya nailoni, zile za akina mama, mitumba ya soko la Memorial zimejaa. Chekecha mara ya pili hata kama unaona inatosha.

Hesabu hiyohiyo inagusa rangi ya msingi. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali hupauka, na modeli unaitazama kana kwamba umesimama mbali na kifaru cha kweli. Type 59 ilitoka kiwandani na kijani kimoja kilichokolea. Ukikipaka kwenye modeli vilevile kilivyo, kitaonekana karibu na nyeusi hata kabla hujaongeza uchafu. Kijani chako kilihitaji kufifishwa kwa njano na nyeupe kidogo. Habari njema ni kwamba bado tunaweza kufanya hivyo.

Turudi kwenye ajali. Mimi nimetokea gereji za kupulizia magari hapa Unga Limited, na huo mkunjo uliouona ni jambo la kila siku kule. Kopo lako lilikuwa la rangi ya mafuta, aina inayokauka kwa kuvuta hewa polepole. Juu inashika, ndani bado laini. Thina ya gereji ni kali, imetengenezwa kuyeyusha rangi ya magari. Ikigusa rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, inapenya, tabaka la juu linavimba, linakosa pa kwenda, linajikunja. Plastiki yenyewe pia thina huila. Ukitaka kujua, weka tone moja kwenye kile kijiti cha fremu ulikokata vipande, subiri kidogo, gusa kwa kidole uone kinavyonata. Thina iache kwa kuoshea brashi na kwa magari. Kwenye modeli, kila kinachokuja juu ya rangi ya mafuta kiyeyushwe kwa tapentaini, na hata hiyo iwe juu ya tabaka la kinga. Mafuta ya taa nimeona vijana wanayatumia. Yanachelewa kukauka na yanaacha utelezi ambao vumbi na vanishi havitaushika.

Kurekebisha, anza na ule ubavu uliokunjamana. Uache wiki nzima, usiuguse. Kisha msasa namba 600 na maji, ukizunguka bolti na vishikio kwa kipande kidogo kilichokunjwa, na umalizie kwa 1000. Mikunjo ikiwa imeingia hadi kwenye plastiki, vua rangi ubavu huo tu kwa mafuta ya breki: paka kwa brashi, subiri, sugua kwa mswaki wa zamani, osha kwa sabuni. Vaa glovu, na usiyaache yakadondokea meza iliyopakwa rangi. Halafu praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, nyembamba. Kwingine kote kulikokuwa cheusi, lowesha pamba kwa tapentaini kidogo sana, ikamue, uvute kutoka juu kwenda chini. Nyeusi nyingi itatoka, iliyobaki kwenye pembe na chini ya bolti iache, hiyo ndiyo uliyoihitaji tangu mwanzo.

Kisha pulizia kijani kilichofifishwa. Usipulize chote. Lenga katikati ya kila bamba la chuma na sehemu za juu zinazopigwa na jua, kingo na chini ziache na giza lake. Kama una kopo tu na huna kompresa, pulizia rangi ya kopo ndani ya kisoda, ongeza tone la njano na la nyeupe ya mafuta, uipake kwa sponji laini kwa kudonoadonoa. Kazi inatoka nzuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu tureti ya Type 59, ile kofia ya juu inayozunguka na mzinga, ni chuma cha kumimina, uso wake una mikwaruzo na vinundu, sponji inauiga bila kujua. Puliza asubuhi yenye jua. Siku ya mvua vanishi na rangi za kukauka haraka hushika unyevu zikafanya ukungu mweupe, na wewe unaujua unyevu wa Moshi wakati wa masika.

Juu ya hapo weka vanishi ya maji yenye mng'ao. Nasisitiza ya maji, kwa sababu tapentaini haiisumbui, hiyo ndiyo kinga niliyoitaja. Na mng'ao ni wa muda, tutauua baadaye. Sababu yake ni kwamba rangi nyembamba ya kupenyeza hutembea yenyewe kwenye uso laini, ikafuata pembe na mistari. Kwenye uso wa mati, yaani usiong'aa, inanyweka palepale ilipotua ikaacha baka. Ndiyo maana ulipopaka kifaru kizima kwa nyeusi, kizima kikawa cheusi.

Rangi ya kupenyeza yenyewe iwe kahawia iliyokolea, iyeyushwe mpaka uone chini ya kisoda kupitia kwenye rangi. Nyeusi haifai kwenye kijani, inaua kila kitu kilicho jirani. Chukua brashi nyembamba, gusa ncha tu kwenye pembe ambapo bamba linakutana na bamba, au kwenye mzizi wa bolti, uiache ikimbie yenyewe. Usipake. Baada ya robo saa, brashi safi yenye unyevu wa tapentaini ipite kufuta ziada, daima kuelekea chini kama maji yanavyotiririka. Ukikuta mstari wa kulala kwenye ubavu wa kifaru, ujue ni mkono wa mtu, mvua haikupita hapo.

Baada ya hapo inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Nunua rangi za mafuta za wachoraji, zile za tyubu ndogo, maduka ya vifaa vya shule yanazo. Unahitaji nyeupe, njano ya udongo, kahawia na bluu kidogo. Zikamue kwenye kipande cha katoni uziache kwa saa moja au mbili, katoni inyonye mafuta. Usipofanya hivyo zitakauka zikiwa na mng'ao na utanilaumu mimi. Kisha weka vidoa vidogo sana kwenye bamba moja, bamba moja tu kwa wakati mmoja: nyeupe juu, njano katikati, kahawia chini, bluu kwenye upande wa kivuli. Kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini uvute vyote kwenda chini mpaka usione kidoa hata kimoja. Kitakachobaki ni kijani ambacho si kimoja tena, kimepigwa na jua hapa, kimefifia pale, na mtazamaji hatajua kwa nini kinaonekana cha kweli. Hapa usiwe na haraka. Fanya tureti leo, mgongo wa injini kesho.

Sasa fedha na kutu. Jibu fupi: usifanye.

Jibu refu ni kwamba wale wa kwenye video wengi wanapamba. Chuma kinene cha kifaru kikikwaruzwa hakibaki cheupe. Ndani ya siku chache kinageuka kahawia iliyokolea, na mara nyingi mkwaruzo wenyewe haufiki hata kwenye chuma, unaishia kwenye praima au kwenye rangi ya zamani iliyopauka. Kwa hiyo mikwaruzo yako mingi iwe ya kijani kilichopauka, michache katikati yake iwe na kahawia nyeusi, na iwe pale panapoguswa. Jiulize watu wanne wanapandaje pale juu. Dereva anaingia mbele kushoto, kwa hiyo ukingo wa mfuniko wake na bamba la mbele pale anapokanyaga vimechakaa. Vishikio vya tureti vimesuguliwa na viganja na mikanda. Madigadi yanapigwa na kila kichaka. Lakini nyuma ya tureti chini, mahali ambapo hata paka hapiti, rangi ni mpya kabisa, na watu huikwaruza hapohapo kwa sababu brashi inafika kirahisi!

Kutu nayo ina kikao chake. Jeshi linatunza mali yake, na vita vyenyewe kuanzia uvamizi hadi Kampala havikumaliza miezi sita. Kifaru hakiozi kwa miezi sita. Kutu ya kweli iweke kwenye ekzosi, ambayo kwa Type 59 iko kwenye digadi la kushoto kuelekea nyuma. Joto linaunguza rangi pale kila siku. Tumia ile oksaidi nyekundu na njano na tone la tapentaini, halafu unga mweusi kuzunguka mdomo na kwenye bamba linalopigwa na moshi. Upande wa kulia ndiko kuna matangi ya nje ya mafuta, na hayo hayana kutu, yana madoa. Dizeli humwagika kila wanapojaza. Chukua kahawia nyembamba iliyochanganywa na vanishi kidogo ya mng'ao, chora doa kuzunguka mfuniko na mchirizi mmoja au miwili ya kushuka. Mmoja uufanye mwembamba na wa zamani, mwingine uwe na mng'ao wa leo. Vumbi likija baadaye litashika kwenye dizeli zaidi kuliko kwingine, kwa hiyo hapo liongeze.

Minyororo wengi huiachia mwishoni wakiwa wamechoka. Ya Type 59 ni chuma kitupu, haina vipande vya mpira, na ni chuma kigumu ambacho kutu yake ni kahawia ya giza, haiwi ya chungwa kama bati la paa. Kama huamini, nenda kwenye machimbo ya moramu uitazame katapila iliyopumzika. Paka kahawia nyeusi yote, vumbi ndani ya matundu, kisha penseli laini ya 4B au 6B isuguliwe kwenye vile vinundu vinavyokanyaga ardhi, kwenye meno ya ndani yanayopita katikati ya magurudumu, na kwenye meno ya gurudumu la kuvuta ambalo kwa kifaru hiki liko nyuma. Hapo ndipo ruhusa ya kung'aa inapoishia. Kumbuka pia kwamba Type 59 haina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo. Mnyororo wa juu unalala kwenye magurudumu matano makubwa, una uzito, unabonyea. Kama wako umekaa juu juu umenyooka, uvute chini kwa tone la gundi kwenye kila gurudumu, vinginevyo kifaru cha tani 36 kitaonekana cha karatasi. Magurudumu yana mpira pembeni, na mpira uwe kijivu cha giza. Mweusi wa tairi jipya la dukani haufai.

Sasa ndipo ua mng'ao kwa vanishi ya mati, ya maji pia, mara mbili nyembamba. Vumbi haling'ang'anii kwenye uso unaong'aa.

Gundi nyeupe ya mbao ikikauka inang'aa, ndiyo iliyokuharibia. Kwa vumbi huhitaji gundi kabisa. Chukua unga wako kwa brashi kavu laini, uudondoshe mahali ambapo vumbi la kweli lingetua, kisha gusa kando yake kwa brashi yenye tapentaini, itatambaa yenyewe na kuushika. Kitatisha. Unga ukilowa unakuwa mweusi na utadhani umeharibu kila kitu. Toka nje, kanywe chai, usiongeze hata chembe mpaka ukauke. Ukikauka unarudi rangi yake, na karibu kila mara utakuta unatosha.

Litue wapi? Simama kando ya barabara ya TPC wakati wa kiangazi utazame Noah inayopita. Mbele ina vumbi kiasi, ubavuni lipo chini ya milango, lakini kioo cha nyuma hakionekani. Gari linavuta hewa nyuma yake na vumbi linazunguka kurudi kwenye mgongo. Kifaru ni hivyohivyo, na minyororo inaongeza. Kwa hiyo bamba la nyuma ndilo liwe na vumbi zito kuliko yote, likifuatiwa na ubavu wa chini nyuma ya magurudumu, halafu juu ya madigadi. Mgongo wa injini una vumbi kwenye pembe, lakini pale askari wanapokanyaga pamefutika hadi kijani kinaonekana. Futa hapo kwa kidole chako mwenyewe, ni kifaa bora kuliko brashi. Juu ya tureti weka kidogo, na karibu na mifuniko paguswe na viganja. Mtutu wa mzinga uache karibu safi. Uko juu, umeviringika, na upepo unaufuta.

Ukishindwa kujizuia na ukitaka tope kidogo, liwe nyuma ya magurudumu na ndani ya madigadi tu. Unga, jipsamu, maji, na gundi yako nyeupe iliyoongezwa maji sawa kwa sawa pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye. Chovya brashi ya zamani yenye nywele ngumu, ikunje kwa kijiti irushe matone, badala ya kupaka. Funika tureti kwa karatasi kwanza. Likikauka likang'aa, vanishi ya mati ipite juu yake, halafu vumbi kidogo kavu.

Jambo la mwisho, kwa kuwa najua vijana mna simu na mna hamu. Mtu asije akakuambia uende Monduli ukapige picha vifaru vya jeshi ili kupata rangi sahihi. Kupiga picha mali ya jeshi bila ruhusa kutakuingiza matatani, na hakuna modeli inayostahili maelezo utakayotakiwa kutoa pale getini. Katapila la moramu, Fuso la mchanga na trekta la shambani vinatosha kukufundisha chuma kinavyochakaa. Hivyo piga picha uchoke, ila muombe dereva kwanza.

Ukimaliza ubavu mmoja, niandikie kabla hujaanza wa pili, na picha uipige nje kivulini. Mwanga wa taa ya ndani huufanya wekundu wa oksaidi uonekane wa chungwa, nami nitakushauri upunguze kitu ambacho hakijazidi.